Vichwa Viwili Kituo cha Saba

Jumapili, 8 Machi

Msimu wa mbio za magari umefunguliwa leo, nami nimekusudia kuuandika hadi utakapofungwa. Naomba radhi mapema kwa ukavu wa maandishi yangu. Nilistaafu nikiwa mkuu wa stesheni ya reli, na mtu aliyezoea kuandika sababu za treni kuchelewa haamki siku moja akawa na maneno matamu.

Kwa asiyeifahamu kazi yetu, sisi waangalizi wa njia ni watu wa kujitolea. Tunasimama kwenye kona za uwanja, wawili wawili. Mmoja hushika bendera na kutazama mbele, kule ajali ilikotokea, mgongo wake ukiyaelekea magari yanayokuja. Mwenziwe hutazama magari hayo, filimbi mdomoni. Filimbi ikilia, mwenye bendera huacha yote na kurudi nyuma ya ukuta wa matairi bila kuuliza swali. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na hivyo ndivyo mimi na shemeji yangu tulivyofanya kwa miaka mingi katika kituo cha saba. Mimi bendera, yeye filimbi. Kichwani tunavaa kofia za kitambaa.

Shemeji ni mdogo wake marehemu mke wangu, fundi bomba kwa kazi, na mtani wangu kwa haki ya ukoo. Marehemu alikuwa akitusindikiza hadi mlangoni kila siku ya mbio na kutuambia, “Mnirudishie vichwa vyote viwili.” Tulidhani ni mzaha.

Leo, katikati ya mbio, shemeji aliinama kufunga kamba ya kiatu. Baada ya gari la mwisho kupita nikaona boliti imezama katika ubao ulio nyuma yetu, imezama hasa, kama iliyopigwa nyundo. Ilikuwa imechomoka katika gari fulani na kuruka. Nilimwomba shemeji asimame palepale alipokuwa kabla ya kuinama. Boliti ilikuwa usawa wa sikio lake.

“Lo!” akasema. “Leo ningerudi nyumbani na hereni.”

Akacheka. Mimi sikuweza.

Jumatatu, 9 Machi

Sikula vizuri. Ule ubao u mbele ya macho yangu.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda ofisini kwa Katibu wa chama. Yeye alikuwa dereva wa mbio enzi zake, mtu nadhifu, viatu vyake vinang’aa hata siku ya matope. Nilimweleza kwa adabu zote kwamba naomba waangalizi wote wavae helmeti.

“Mzee wangu,” akasema, “tangu chama hiki kianze, nani amepigwa kichwani?”

“Hakuna, ndugu Katibu.”

“Basi. Niletee ushahidi.”

“Naomba kusema, ndugu Katibu, kwamba ushahidi unaoungojea una mke na watoto.”

Sijui maneno hayo yalinitokaje. Nilimwomba radhi papo hapo. Hakukasirika, alinisogezea kiti na kunieleza hoja zake moja baada ya nyingine, na sina budi kukiri kwamba hazikuwa za mtu mjinga. Dereva anayetoka katika gari linalowaka moto anahitaji kuona uso wa binadamu. Joto la mchana litamwangusha mtu aliyefunikwa kichwa. Tena, aliyevaa helmeti hujiona chuma, akasogea mahali ambapo mwenye kofia ya kitambaa asingesogea. Hoja hii ya mwisho niliiona dhaifu.

Tumekubaliana kwamba wanachama watapiga kura katika mkutano wa Oktoba. Hadi hapo, mimi naruhusiwa kuvaa kwa majaribio. Kisha akafungua kabati akanipa helmeti yake mwenyewe ya zamani, ile iliyoziba kichwa chote hadi kidevuni.

“Ukitaka kujaribu, jaribu ya kweli,” akasema.

Nilirudi nyumbani nimeikumbatia kama mtoto.

Jumapili, 29 Machi

Mbio za pili. Wenzangu hawakuniacha.

“Rubani! Ndege inaondoka saa ngapi?”

“Mzee, huko ndani kuna chumba cha kupanga?”

Shemeji alinitetea kwa namna yake. “Muacheni shemeji yangu, ana harusi mwezini.” Nilipomsihi na yeye avae, alijigonga paji la uso kwa vidole. “Hiki kimegonga kila sinki la mji huu. Kimeshakomaa, shemeji. Wewe linda chako, kina masomo.”

Nilisimama na helmeti yangu mbio zote. Shingo imekakamaa, masikio yanavuma, lakini sikuivua.

Jumatatu, 30 Machi

Siwezi kugeuza kichwa kushoto. Nimewasalimia majirani wa upande wa kulia tu.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua. Mbio zimeahirishwa.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua tena. Binti yangu amekuja kunisuka maneno, kama anavyosema mwenyewe, maana kazi yake ni msusi na wateja wake humweleza kila kitu. Ameijaribu helmeti mbele ya kioo.

“Baba, humu ndani sisikii hata ninachofikiri.”

Nilimwambia kwamba usalama una gharama zake. Aliivua akanitazama kwa namna ambayo mama yake alikuwa akinitazama nilipochagua tai.

Jumatatu, 4 Mei

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika kwa sababu nikiacha nitaanza kujidanganya.

Njia ilikuwa imekauka nusu tu. Katika mzunguko wa katikati gari la bluu liliteleza mbele ya kona yetu, likazunguka kama pia na kusimama likiwa limekingama njiani. Nilitoka na bendera ya njano, nikaipunga. Dereva wa gari lile alikuwa anahangaika na mkanda wake. Nilitaka madereva wanaokuja wanione vizuri zaidi, nikasogea. Katika kituo chetu kuna mstari mweupe ambao mwenye bendera havuki. Niliuvuka. Sikuuvuka kwa kusahau. Niliuona chini ya miguu yangu na moyo wangu ukaniambia, kwa utulivu kabisa, kwamba leo una helmeti.

Gari lililofuata lilikosa breki. Haya nimesimuliwa, kwa kuwa mimi sikuona wala kusikia. Mgongo wangu ulikuwa kwake, na ndani ya helmeti mlikuwa na mvumo mmoja tu kama wa bahari ndani ya kombe. Shemeji alipuliza filimbi. Akapuliza tena. Alipoona sigeuki aliitema, akavuka ukuta wa matairi, akanikamata kiunoni na kujitupa nami pembeni. Gari lilitupita karibu mno hata likaichukua bendera mkononi mwangu. Tulianguka juu ya reli ya chuma ya kingo ya njia, mimi juu, yeye chini. Nilisikia kitu kikivunjika nikafikiri ni mti wa bendera.

Ulikuwa mtulinga wake, mfupa wa begani.

Hospitali walimfunga mkono kifuani. Nilikaa kando ya kitanda, helmeti miguuni, bila mkwaruzo mwilini. Binti yangu alikuja mbio na aproni yake ya saluni, vitana vimejaa mfukoni. Nilimwomba shemeji radhi. Nilimwomba hata akachoka.

“Nilipuliza mpaka pumzi zikaisha, shemeji,” akasema. Hakuwa anatania. Sijawahi kumsikia akisema sentensi nzima bila utani.

“Sikusikia.”

“Najua hukusikia. Umeyafungia masikio kabatini, ungesikiaje?”

“Nisamehe.”

“Na ule mstari? Nao hukuusikia?”

Nilitazama helmeti miguuni pangu. Akageukia ukutani, polepole kwa sababu ya maumivu, na hakunigeukia tena.

Jumatano, 6 Mei

Katibu ameniita. Ameagiza kwamba kwa msimu uliobaki hakuna mwangalizi atakayevaa helmeti kituoni. Kura ya Oktoba itakuwapo, kwa kuwa aliahidi, lakini alisema kwa upole kwamba anadhani ushahidi niliotakiwa kuuleta umeshaletwa, nao umekwenda upande wa pili.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nilikuwa nimeithibitisha mimi mwenyewe hoja ileile niliyoiita dhaifu.

Nilimrudishia helmeti yake. Kisha nikaweka mezani beji yangu ya kituo cha saba.

“Hii ya nini, mzee wangu?”

“Sitasimama tena njiani kichwa wazi, ndugu Katibu. Wala sitamwambia mtu mwingine asimame hivyo.”

“Hata baada ya haya?”

“Hasa baada ya haya. Nilivaa helmeti isiyofaa na kusimama pasipofaa. Makosa hayo ni yangu, na nitayajibu. Lakini hayakuligeuza fuvu la shemeji yangu kuwa chuma. Boliti nyingine ikiruka kesho, itaingia vilevile.”

Alinisindikiza hadi nje. Sote wawili tulikuwa na huzuni, nadhani. Nilimwomba radhi kwa kumsumbua, lakini beji sikuichukua.

Jumapili, 10 Mei

Nimempelekea shemeji matunda. Ameyapokea matunda, mimi hakunipokea.

Jumapili, 17 Mei

Vivyo hivyo.

Jumapili, 24 Mei

Leo nilibadilisha, nikapeleka magazeti. Alisema kupitia dirishani niyaache kibarazani.

Alhamisi, 4 Juni

Nimekwenda kituo cha zimamoto kilicho karibu na soko, nikaomba kuziona helmeti zao. Askari wa zamu alidhani nimekuja kuripoti moto na nusura apige kengele. Baada ya kumwomba radhi tukaelewana. Wanazo za aina mbili. Ile nzito ya kuingilia motoni sikuitaka. Nyingine ni nyepesi, ya kuokolea watu waliobanwa kwenye magari. Inafunika fuvu lote, inafungwa kidevuni, na masikio yanabaki wazi, macho pia, hadi pembeni. Nilipoivaa nilimsikia askari akimeza mate.

Swali la kwanza nililopaswa kujiuliza mwezi Machi ni helmeti gani. Sikujiuliza. Nilipewa kubwa nikaona ndiyo bora.

Ameniazima mbili. Sikumwambia ya pili ni ya nani.

Jumamosi, 20 Juni

Helmeti peke yake haitoshi. Nimelifikiria jambo hili wiki mbili. Mtu mwenye mgongo kwa magari anahitaji ishara isiyopitia masikioni. Kule reli, tulipounganisha mabehewa gizani, mwenzako alikushika mkanda kwa nyuma. Akivuta, unatoka. Huulizi, hugeuki, unatoka.

Binti yangu amekubali kuwa mwenzangu wa mazoezi. Tulisimama uani, mimi na helmeti na taulo la jikoni badala ya bendera, yeye nyuma yangu ameshika mkanda wangu, redio imefunguliwa hadi mwisho. Jirani yetu mwenye pikipiki tulimwomba aje na kurudi uchochoroni. Kila alipokaribia, binti alinivuta.

“Baba, usigeuke!”

“Sikugeuka.”

“Umegeuka. Nimeona shavu.”

Ni vigumu kuliko nilivyodhani. Mwili hautaki kurudi nyuma kwa neno la mkono wa mtu mwingine. Unataka kwanza uone. Nilijikwaa kwenye ndoo ya maji. Mke wa jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza kama nimepatwa na jambo na kama binti anahitaji msaada wa kunishikilia.

“Asante, mama,” binti akamjibu, “huyu namuweza.”

Jumapili, 28 Juni

Mazoezi. Sijikwai tena.

Jumapili, 12 Julai

Leo nimeingia uwanjani kwa mlango wa watazamaji, kwa mara ya kwanza maishani. Nilikaa jukwaani mkabala na kituo cha saba. Aliyesimama pale kwa muda ni Katibu mwenyewe, na viatu vyake vinang’aa, kofia ya kitambaa kichwani. Waangalizi hawatoshi, nami ni sababu mojawapo ya kutotosha kwao.

Nakiri nilikuwa nimeanza kumwona kama mtu anayetetea kofia akiwa kitini. Nimekosea. Anaamini asemalo kiasi cha kuliwekea rehani kichwa chake.

Hilo halimfanyi kuwa sahihi. Lakini limenifanya niache maneno fulani niliyokuwa nimeyatayarisha kwa ajili ya mkutano.

Alhamisi, 30 Julai

Nimesikia kwa binti kwamba mfupa wa shemeji umeunga. Atarudi uwanjani. Nilimtumia salamu kwamba nina helmeti yake. Amejibu, “Mwambieni apandie maua.”

Jumapili, 9 Agosti

Shemeji amerudi kituo cha saba. Katibu amechukua bendera, shemeji filimbi. Wote wawili vichwa wazi, maana joto lilikuwa kali wakavua hata kofia.

Nilikaa jukwaani nimeshika magoti yangu. Sikuangalia mbio, sijui nani alishinda. Niliangalia kichwa kimoja. Kila gari lilipopita vumbi lilikifunika, nami nikangoja vumbi litue nikione tena. Mama mmoja aliyekaa kando yangu aliniuliza mwanangu ni dereva yupi.

Kisha likatokea jambo nisilolielewa. Gari moja lilitoka nje ya njia, changarawe zikaruka. Katibu akatoka na bendera. Nyuma yake nikaona mashavu ya shemeji yamevimba, anapuliza. Katibu hakurudi. Shemeji akapuliza tena, akaanza kurukaruka na kupunga mikono kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Ndipo Katibu alipogeuza uso kidogo na kurudi, bila haraka yoyote. Gari lililokuwa linakuja lilijirekebisha likapita salama. Jukwaa zima halikuona kitu.

Lakini baada ya hapo wale wawili walisimama wakitazamana, na shemeji ameishika filimbi mkononi, anaiangalia.

Jumanne, 11 Agosti

Asubuhi mlango umebishwa. Shemeji, na sanduku lake la vifaa.

“Nimesikia bomba lako la jikoni linavuja.”

“Halivuji, shemeji.”

“Basi nitalifungua livuje, nilitengeneze. Nipishe.”

Alipita hadi jikoni, akalala chini ya sinki, akaanza kukaza nati ambayo haikuwa imelegea. Nilivuta kigoda nikakaa karibu na miguu yake. Alizungumza akiwa humo ndani, na nadhani ndiyo sababu aliingia.

“Katibu alikuwa kichwa wazi Jumapili.”

“Nilimwona.”

“Masikio yote mawili nje, kama vipini vya sufuria. Nimepuliza, hakusikia.”

Nilisogeza kigoda karibu zaidi.

“Nikamuuliza, umesikia? Akaniambia, ‘Niliona kivuli chako kinacheza.’ Kivuli, shemeji! Nikarudi nyumbani nikakaa kitandani nikajiuliza, na huyu wangu je? Miaka yote hii nikipuliza anarudi. Alikuwa anasikia?”

Nilifikiri kwa uaminifu. Nilirudi nyuma katika kumbukumbu zangu, kona baada ya kona. “Nilikuwa nakuona,” nikasema. “Kwa pembeni ya jicho. Ukiruka.”

“Eh! Na ile helmeti ya Katibu ikaziba pembeni ya jicho.”

“Ndiyo.”

“Magari ya siku hizi yananguruma kuliko yale tuliyoanzia. Filimbi imekufa zamani, shemeji, na hakuna aliyeizika. Tumekuwa tunapuliza maiti.” Akagonga bomba kwa spana. “Siyo helmeti iliyonivunja bega. Ni filimbi. Na wewe kuvuka mstari, hilo silifuti.”

“Usilifute.”

Akatoka chini ya sinki akakaa sakafuni, nywele zimejaa vumbi. Alikuwa amezeeka tangu Mei. Nami vilevile, bila shaka.

“Hiyo kofia ya zimamoto iko wapi? Nimesikia unacheza reli na binti yako uani, mtaa mzima unacheka.”

Niliiendea. Aliigeuzageuza, akaigonga, akainusa. “Haitanitosha. Nina kichwa kikubwa, dada alikuwa anasema.”

Ilimtosha.

Jumapili, 6 Septemba

Tunafanya mazoezi uani kila Jumapili isiyo ya mbio, na binti yangu ndiye mwamuzi. Leo shemeji ametoa sharti.

“Bendera nashika mimi.”

Nilishangaa. Bendera imekuwa yangu sikuzote, na mahali pake ndipo pa hatari.

“Shemeji, wewe umetoka kuvunjika. Acha mimi…”

“Sikiliza. Wewe huwezi kujua kama huu mkanda ni kitu cha kweli kwa kushikwa. Nami siwezi kuwaambia watu kwenye mkutano nauamini mkono wako kama sijasimama kipofu mbele yake. Mwezi wa tano nilikuvuta mimi. Sasa nivute wewe.”

“Ukubali, baba,” binti akasema. “Mikono yako ina nguvu. Yeye ndiye mwenye maneno.”

Mara ya kwanza nilipomvuta aligeuka. Mara ya pili aligeuka na kutukana. Kufikia adhuhuri alikuwa anageuza shingo tu.

Jumapili, 20 Septemba

Bado anageuka. Ananiomba radhi kila mara, jambo ambalo linatuchanganya sote, kwa kuwa kazi hiyo ni yangu.

Jumamosi, 10 Oktoba

Mkutano.

Ukumbi ulijaa. Waliotangulia kusema walinipinga, na walinitaja kwa heshima, ambayo ni mbaya zaidi. Mmoja alisema helmeti nusura imuue mzee wetu. Mwingine alisema sura za waangalizi ndizo fahari ya chama. Nilisimama zamu yangu ilipofika.

Nilisema kwamba ya mwezi Mei ni kweli tupu. Nilivaa helmeti iliyoniziba, nikavuka mstari kwa kujiona chuma, na aliyelipa ni shemeji. Nikasema kwamba Katibu aliniambia mapema juu ya hatari hiyo nami nikaipuuza. Kisha nikasema ninachokiomba: helmeti nyepesi yenye kuacha masikio na macho wazi, mkono kwenye mkanda badala ya filimbi, na mstari mweupe uheshimiwe kana kwamba hatuna chochote kichwani. Nikasema kwamba vitu hivyo vitatu haviachani, na kwamba nikipewa kimoja bila vingine nitakikataa. Sikuomba radhi hata mara moja, nikakaa chini.

Mtu wa nyuma akapaza sauti, “Filimbi imetutosha miaka yote!”

Shemeji alinyanyuka. Hakuhutubia. Alimgeukia Katibu aliyekuwa meza ya mbele, akamuuliza mbele ya watu wote, “Ndugu Katibu, ile Jumapili ya Agosti nilipopuliza, ulisikia?”

Ilikuwa rahisi sana kwake kusema alisikia. Hakukuwa na shahidi mwingine. Hata mimi niliyeona kutoka jukwaani nisingeweza kuapa ni nini kilichoingia sikioni mwake. Alitazama viatu vyake.

“Sikuisikia,” akasema.

Akainuka kutoka kitini.

“Nilikuwa kichwa wazi, nami sikuisikia. Nimekuwa nikimwambia mzee alete ushahidi. Ushahidi ulikuwa mimi, na bahati yangu ni kwamba naweza kuutoa kwa mdomo wangu.”

Kura zilikaribiana, lakini zimetosha. Kuanzia msimu ujao waangalizi wote watavaa. Kwa mbio za mwisho za mwaka huu, wavae wale waliokwisha kufanya mazoezi, yaani kituo kimoja tu.

Katibu alinirudishia beji yangu mlangoni. Tulishikana mikono kwa mikono yote miwili.

Jumapili, 25 Oktoba

Mbio za mwisho. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika, ikarudi. Vituo vyote vinane vingine vilikuwa vinatutazama. Nilijua, na shemeji alijua, kwamba tukijikwaa leo kura ya Oktoba itakuwa karatasi tu. Shemeji alikuwa mbele na bendera, mgongo kwa magari. Mimi nyuma yake, vidole vyangu vimeingia chini ya mkanda wake. Alikuwa anatania tangu tulipofika. Magari yalipowashwa akanyamaza.

Kwa muda mrefu hapakuwa na jambo. Kisha gari la mbele likateleza kwenye maji, likapiga ukuta upande wa pili wa kona na kubaki pale likifuka moshi. Shemeji akatoka. Alikwenda hadi kwenye mstari mweupe akasimama, ncha za viatu vyake nyuma ya rangi, akaipunga bendera kwa nguvu. Nami nilikwenda naye, hatua kwa hatua, uso wangu ukiyaelekea magari.

Mawili yalipunguza mwendo yakapita. La tatu liliona bendera likakanyaga breki, na maji yakalichukua. Nililiona likigeuza ubavu na kuja kwetu bila sauti, au kwa sauti ambayo ilimezwa na nyingine. Shemeji hakuliona. Alikuwa anamtazama dereva wa kule mbele, anampungia atoke upande wa salama.

Nilivuta.

Hakugeuka. Hakugeuza hata shingo. Alikuja nyuma mara moja, mzito na mlegevu, kama mlango uliofunguliwa, bendera ikiwa bado juu, macho yake yakiwa bado kwa yule dereva. Tukapita pamoja katika pengo la ukuta wa matairi na kuketi juu ya matope. Gari likafuta mahali tulipokuwa tumesimama, likazama kwenye changarawe, na mawe yakaruka juu ya ukuta yakatupiga helmeti zetu, ta, ta, ta. Hayakuwa makubwa. Sitadai kwamba yangemuua mtu.

Dereva wa kwanza alitoka salama. Wa pili naye alitoka, akatuinulia mkono.

Shemeji alibaki ameketi kwenye matope, anahema, mikono yote miwili chini yake.

“Shemeji.”

“Naam.”

“Umenivuta mpaka kifungo cha suruali kimekatika. Nikisimama, uwanja mzima utaniona. Na kamera ziko pale.”

Nilivua koti langu la mvua nikamfunga kiunoni, nikamsaidia kusimama, akaichukua bendera yake. Kwa suruali nilimwomba radhi. Kwa helmeti sikumwomba radhi yeye wala mtu mwingine yeyote, nikarudisha vidole vyangu chini ya mkanda, tukatoka tena.